Siku Gesi Yetu Ilipokaribia Mia

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwamba naogopa. Limepelekwa kufanyiwa maboresho, na hadi juzi maboresho hayo yalikuwa yamefikia asilimia arobaini na nane. Kwa sasa tuiite tu nchi yetu, nchi nzuri, yenye mikoa ishirini na hewa ya kutosha.

Kwetu kila kitu kina asilimia yake. Barabara ikijengwa, ina asilimia. Barabara isipojengwa ina asilimia pia, na mara nyingi kubwa zaidi. Mama akijifungua, mkunga humtangazia kwamba uzazi umetekelezwa kwa asilimia mia, na wakizaliwa pacha hupewa cheti cha kuvuka lengo. Hata msibani husomwa taarifa: marehemu alitekeleza uhai wake kwa asilimia sabini na mbili, na kiasi kilichobaki kinafanyiwa kazi na mamlaka husika.

Sheria kubwa kuliko zote, ile watoto wanayoiimba mstarini kabla ya kuingia darasani, inasema kwamba asilimia haishuki. Inaweza kupanda, inaweza kusimama kidogo ikapumua, lakini kushuka ni hujuma, na anayeishusha hufungwa. Ni sheria nzuri sana. Tangu ipitishwe hakuna kitu chochote kilichoharibika nchini kwa maandishi.

Mimi naitwa Habili Kitundu, Mtangaza Asilimia wa Mkoa wa Kitondo. Tarakimu ya mkoa haitazamwi na mtu mwingine. Macho ya raia yakiigusa inahesabiwa imechezewa. Naiona mimi, naitangaza mimi kwa tarumbeta la bati, na baada ya hapo inakuwa kweli. Sauti yangu inasikika mpaka ng'ambo ya mto. Hayo siyasemi kwa majivuno, kwani watu wa ng'ambo wameshaandika barua mbili za kulalamika.

Tatizo letu lilikuwa moja tu: Kitondo haikuwahi kufika mia katika jambo lolote. Maji, thelathini na moja. Madawati, arobaini. Katika usafi wa vyoo tulisimama kwenye tisa tukipumua kwa miaka sita. Mkuu wetu wa mkoa, Mheshimiwa Daktari wa Heshima Mtutuma, kila akienda kwenye mkutano wa wakuu wa mikoa alikalishwa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango wa jikoni, na wenzake walimtuma chumvi. Roho ilimuuma, maskini. Nilikuwa namwonea huruma kabisa.

* * *

Bohari yetu ya gesi ya kupikia iko juu ya kilima kidogo, na chini ya kilima ndipo ulipo Uwanja wa Sherehe. Bohari ilipozinduliwa, Mheshimiwa aliweka jiwe la uzinduzi la marumaru, zito, lenye jina lake na vyeo vyake vyote mbele, na vile visivyoenea mbele vikaandikwa nyuma. Likahitaji kukaa pahali linapoonekana vizuri. Pahali hapo palikuwa juu ya bomba. Bomba likainama kwa heshima, na baada ya siku chache likaanza kutoa sauti, *sssss*, kama mtu anayenyamazisha watoto msikitini.

Kuondoa jiwe hakuwezekani, maana kunyanyua jina la Mheshimiwa ni kulihamisha kituo cha kazi, na hilo lina utaratibu wake. Kwa hiyo fundi wa bohari, Bi. Sikudhani Ngwale, mwanamke mfupi mwenye maneno machache na spana kubwa, akaomba kipima gesi. Ombi likazunguka ofisini mwaka mzima, likarudi likiwa na mihuri mingi kuliko maneno, na kipima kikaja. Kilikuwa kidogo, cha kushika mkononi, na kwenye kioo chake kulikuwa na tarakimu na, pembeni yake, alama ya asilimia.

Kuona alama ile tu, fundi akalazimika kukikabidhi kwangu.

Siku ya kwanza ikasoma kumi na mbili, na kipima kikaanza kupiga filimbi. Nilidhani kinashangilia, nikakishangilia nacho. Wiki iliyofuata ikasoma ishirini na tano. Ndugu zangu, mkoa wetu haujawahi kupanda hatua kumi na tatu ndani ya wiki moja tangu uumbwe! Nilikimbia mpaka kwa Mheshimiwa kiatu kimoja kikiwa mkononi.

"Kutoka kumi na mbili mpaka ishirini na tano?" akauliza akisimama. "Wiki moja? Bila bajeti?"

"Bila bajeti, Mheshimiwa."

"Bila semina?"

"Bila hata chai."

Akanikumbatia. Alikuwa analia, na mimi nikalia kidogo kwa kumsindikiza.

* * *

Bi. Sikudhani akaitwa kwenye kikao aeleze siri ya mafanikio. Alikuja na nguo za kazi, akaketi ukingoni mwa kiti.

"Mheshimiwa, haya si mafanikio," akasema. "Gesi inavuja."

"Inavuja kwa kasi nzuri," Mheshimiwa akamsahihisha. "Endelea."

"Naomba nieleze polepole. Gesi peke yake haiwaki. Inataka ichanganyike na hewa, na kwa kiasi chake. Ikiwa kidogo mno, ukiwasha kiberiti hakuna kitu. Ikiwa nyingi mno, nayo haiwaki, hewa haitoshi. Balaa liko hapo katikati. Kwa gesi hii yetu, ukichukua sehemu mia za hewa, ikifika sehemu mbili tu za gesi, basi. Hapo cheche moja inatosha, hata ya swichi, na hailipuki kidogo kidogo, inalipuka yote kwa pamoja. Sasa hiki kipima kinatwambia tumeshapiga hatua ngapi kati ya mia kuzifikia hizo mbili. Kikisoma mia, maana yake tumefika."

"Tumefika," Mheshimiwa akarudia kwa sauti ya chini, macho yakimng'aa. "Kwa hiyo mia ndiyo kilele?"

"Cha hatari, Mheshimiwa."

"Lakini ni kilele."

"Ndiyo, lakini..."

"Katibu, andika: fundi amethibitisha kwamba mia ndiyo kilele."

Bi. Sikudhani akajifuta uso kwa kitambaa. "Kuna jingine. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Haipandi juu ikapotea. Inashuka, inatambaa chini kama maji yaliyomwagika, inatafuta bonde inakaa. Na bonde letu ni Uwanja wa Sherehe."

"Inakwenda uwanjani yenyewe?" Mheshimiwa akauliza. "Haijaitwa na mtu?" Kusema kweli kikao kizima tuliguswa. Tulikuwa na wananchi ambao hata wakifuatwa kwa magari walikuwa hawaji uwanjani.

"Na ile harufu?" akauliza bwana mmoja wa mipango.

"Gesi yenyewe haina harufu. Hutiwa uvundo kiwandani makusudi, ili watu wakiisikia wakimbie."

Mheshimiwa akakunja uso. Serikali haiwezi kutia kitu uvundo makusudi. Papo hapo likapitishwa azimio kwamba kuanzia siku hiyo harufu ile iitwe Harufu ya Ufanisi, na kila mkazi aivute kwa shukrani, akipenda mara mbili.

"Niruhusuni basi nifunge koki kuu," fundi akaomba. "Ni kuzungusha mara nne tu."

"Ukiifunga, tarakimu itafanya nini?"

"Itashuka."

Katibu akadondosha kalamu. Mama mmoja wa ustawi wa jamii akaziba masikio. Mheshimiwa ni mtu mwema, akamsamehe kwa kuwa lilikuwa kosa la kwanza, ila akaamuru askari mwenye bunduki akalale, ale na aoge hapo kwenye koki, asiiguse mtu mpaka mia itangazwe.

* * *

Sasa niwaambie desturi yetu ya mia. Mkoa ukifikisha mia, husimamishwa uwanjani Mshumaa wa Mia, mnene, mrefu kama mwanamume, na Mheshimiwa anauwasha kwa mkono wake. Kabla ya hapo hakuna ruhusa ya mtu kuwasha moto wowote uwanjani, hata sigara, maana moto wa kwanza ni wa Mheshimiwa. Akishawasha, wapishi wakuu wanachota moto ule kwa vijiti vya matambara wanapeleka kwenye majiko, na hapo ndafu inachomwa, watu wanakula mpaka wanasahau wamekuja kufanya nini. Mikoa mingine ilikuwa inafanya hivyo kila mara. Sisi tuliisikia kwenye redio tu tukimeza mate.

Mpishi mkuu wa Kitondo akateuliwa mke wangu, Zamda. Nilifurahi nikamletea kanga mpya. Yeye alirudi kukagua uwanja akiwa amenuna.

"Baba Nasra, kule kwenye majiko pananuka gesi."

"Ni Harufu ya Ufanisi, mke wangu."

"Nimepikia gesi miaka minane. Ikinuka hivi jikoni huwa nafanyaje?"

"Unafungua madirisha."

"Na kiberiti?"

"Hugusi."

"Na taa?"

"Huwashi wala huzimi."

"Haya. Na uwanjani je?"

Nikafikiri. Swali lilikuwa gumu. "Uwanja hauna madirisha," nikamwambia.

Akanitazama kama anavyotazama nyama ya bucha asiyoiamini. "Hiyo namba yako unayoizungukia na tarumbeta, unajua ni ya nini?"

"Ni ya kupanda."

Akakunja ile kanga mpya akaiweka kabatini, na mchana ule nilikula ugali na chumvi.

* * *

Ikafika sitini. Ikafika sabini na tano. Mikoa mingine ikaanza kutuma wajumbe kuja kujifunza. Walisimama chini ya kilima, wakavuta pumzi, wakaandika. Filimbi ya kipima ilikuwa hainyamazi, tukaitungia maneno na watoto wa shule wakaicheza. Bi. Sikudhani aliandika barua ya kurasa tatu kwa Mheshimiwa, ikapokelewa vizuri na kusomwa kwa asilimia sita, yaani mpaka pale kwenye salamu.

Ilipofika tisini na moja, siku moja kabla ya sherehe, akanifuata ofisini. Hakuketi.

"Kaka Habili, namba hii unaiona wewe peke yako."

"Kwa mujibu wa sheria, ndiyo."

"Kesho ikifika mia, usiseme."

"Fundi! Nisiseme mia? Miaka ishirini na miwili nimeingoja mia! Unajua adhabu ya kutangaza pungufu?"

"Najua. Wewe unajua mwenye kijiti cha kwanza ni nani? Mheshimiwa atawasha. Yeye yuko juu jukwaani, pengine kule juu gesi ni kidogo, mshumaa utashika vizuri tu na mtapiga makofi. Halafu mpishi mkuu anachukua moto anashuka nao kule chini kwenye majiko."

Nikamwambia atoke. Alitoka. Nikabaki nimeshika kalamu na sikuweza kuandika hata tarehe. Nilimwona Zamda anashuka na kijiti chake mkononi, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu nikaogopa tarakimu.

* * *

Siku ikafika. Saa nne asubuhi uwanja ulikuwa umejaa kiasi cha watu elfu mbili, shule tatu, kwaya mbili na ng'ombe aliyepotea. Simu zote zilikusanywa getini, maana picha ya mia hupigwa na mpiga picha wa serikali tu, na mpiga picha wa serikali alikuwa likizo. Jenereta la vipaza sauti lilikuwa limetengenezwa kwa asilimia tisini, yaani haliwaki. Leo nikikumbuka mambo hayo mawili naishukuru serikali yangu kwa dhati.

Majiko kumi na mawili yalipangwa kwenye kona ya chini kabisa ya uwanja, mkaa umeshatiwa. Zamda alisimama mbele yao na kijiti cha tambara lililochovywa mafuta.

Mheshimiwa akahutubia. "Ndugu wananchi! Walitucheka! Walitutuma chumvi! Leo hewa yenyewe tunayoivuta imetekelezwa! Nani mwingine ameweza kutekeleza hewa?"

"Hakuna!" uwanja ukaitika.

"Mtangaza, soma!"

"Tisini na saba!" nikapiga tarumbeta. Vigelegele. "Tisini na nane!" Kwaya ikaanza. "Tisini na tisa!"

Mheshimiwa akatoa kiberiti mfukoni. Uwanja ukanyamaza, ikabaki filimbi ya kipima peke yake. Nikatazama kioo. Tarakimu ikatikisika kidogo, kisha ikageuka. Mia. Mia kamili, nono, nzuri kama yai. Nikanyanyua tarumbeta, nikajaza kifua, na hapo nikamwona mke wangu. Watu wote walikuwa wanamtazama Mheshimiwa. Zamda alikuwa ananitazama mimi.

"Tisini na tisa!" nikapaza.

Mheshimiwa alikuwa ameshatoa njiti. "Rudia."

"Bado tisini na tisa, Mheshimiwa."

Kwa kanuni yake mwenyewe hawezi kuwasha kabla ya mia. Akairudisha njiti ndani, akatabasamu kwa meno ya mbele tu. "Inaona haya," akawatangazia watu. "Tuitie moyo. Pigeni makofi!"

Tukakipigia kipima makofi. Tisini na tisa. Kwaya zote mbili zikaimba nyimbo mbili tofauti kwa wakati mmoja. Tisini na tisa. Bwana wa kilimo akashauri kimwagiliwe maji kidogo. Mwanasheria wa mkoa akakiandikia kipima barua ya onyo, ikasomwa mbele yake, kikapewa dakika tano za kujirekebisha. Mimi nilikuwa natazama mia ile ile, na kila nikiulizwa napaza tisini na tisa kwa sauti ya mtu mwenye uhakika.

"Makofi hayatoshi!" Mheshimiwa akafoka. "Kila mtu aje apige! Walimu, waganga, askari wote! Na yule wa kwenye koki naye aje, ana mikono!"

Askari wa koki akashuka kilima mbio, bunduki mgongoni, akaanza kupiga makofi kwa bidii kuliko wote. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa juu ya jukwaa, nikaona mtu mfupi mwenye nguo za kazi akipanda kilima upande wa nyuma na spana kubwa.

Mara moja. Mara mbili. Mara tatu. Mara nne.

Kule chini Zamda akawageukia wapishi wenzake. "Wanawake, mbona tumesimama kama nguzo? Vueni kanga tucheze!" Wakavua kanga za mabegani, wakazipepea, wakazizungusha, wakazikung'uta kuelekea mtoni, wanawake sitini, kisha mia mbili, kisha uwanja mzima, na upepo wa mtoni ukaja ukawasaidia. Ilikuwa ngoma tamu sijapata kuona. Hata Mheshimiwa alitingisha bega.

Kipima kikasoma tisini na tisa. Nikatangaza tisini na tisa, na nikaonja kidogo utamu wa kusema kweli. Haukudumu. Kikasoma themanini, nikasema tisini na tisa. Kikasoma hamsini. Filimbi ikaanza kufifia, nikaanza kupiga mluzi mwenyewe ili watu wasishtuke. Kikafika kumi na nne, na hapo uvumilivu wa Mheshimiwa ukakatika.

"Basi!" akasema, njiti mkononi. "Kwa mamlaka niliyopewa, nakadiria. Tisini na tisa ni mia!"

Kwangu ilikuwa kumi na nne, lakini kule kwenye majiko, pahali pa chini kabisa, ilikuwa ngapi? Sikujua. Nikajitupa mbele yake.

"Mheshimiwa! Kukadiria bila muhtasari?"

Akasita. Hakuna kiongozi wa nchi yetu ambaye hasiti akisikia neno hilo.

Muhtasari ukaandikwa hapo hapo. Waliohudhuria waliorodheshwa, wote elfu mbili. Ng'ombe aliandikwa kama mwalikwa. Yatokanayo na kikao kilichopita yakajadiliwa, na ajenda ya mengineyo ikachukua robo saa. Walipofika kwenye sahihi ya mwisho, jua lilikuwa utosini na kipima changu kimenyamaza, kinasoma sifuri. Nikamtazama Zamda. Alikuwa amepiga magoti kwenye majiko, pua karibu na ardhi, ananusa. Akasimama, akapangusa magoti, akanikubalia kwa kichwa.

Mheshimiwa akawasha. Mshumaa ukashika kimoto kidogo, cha manjano, kama cha mshumaa mwingine wowote. Uwanja ukalipuka kwa shangwe, ambayo ndiyo namna pekee uwanja unavyopaswa kulipuka. Zamda akapanda jukwaani, akachota moto, akashuka na kijiti chake, majiko yakawaka moja baada ya jingine, na mimi nikakaa chini jukwaani. Ndafu ilikuwa nzuri. Nilikula mguu mzima nikilia.

* * *

Laiti yangeishia hapo ningekufa mtu mwenye furaha.

Lakini Mheshimiwa akaitwa mji mkuu, akasimama mbele ya wakuu wenzake wote kumi na tisa akasema, "Waliniambia mia ni hatari. Mimi nimewasha moto kwenye mia, kwa mkono wangu, mbele ya watu elfu mbili, sikuungua hata unyusi!" Wakasimama kumpigia makofi. Kiti cha karibu na jikoni akapewa mwingine. Mwezi haukuisha akawa Waziri wa Asilimia, na waraka wake wa kwanza ukaupa kila mkoa kati ya ile kumi na tisa kipima gesi kimoja, jiwe la marumaru moja la kuweka juu ya bomba, na agizo la kufikisha mia.

Bi. Sikudhani aliniletea waraka huo mwenyewe. "Kaka Habili," akasema, "tumewathibitishia." Akaketi kwenye ngazi za ofisi yangu, akaangalia spana yake muda mrefu.

Mimi nikateuliwa Mkufunzi wa Taifa. Watangaza asilimia kumi na tisa wakakusanywa kwenye ukumbi wa mji mkuu, kalamu mkononi, wajifunze kutoka kwangu jinsi mia inavyosomwa. Waziri Mtutuma aliketi mstari wa mbele katikati. Bi. Sikudhani alikaa nyuma. Nilimwombea kibali kama mbeba tarumbeta.

Kabla sijaondoka nyumbani, Zamda alinifunga vifungo vya shati. "Ukisema utafungwa," akaniambia.

"Najua."

"Usiposema hutalala humu ndani." Kisha akanishika uso kwa mikono miwili, na kwa kweli hapo ndipo nilipokata shauri.

"Mkufunzi," Waziri akaniambia ukumbini, "waeleze wenzako. Siku ile ya mia ilikuwaje?"

Nikaweka tarumbeta chini. Sauti yangu bila bati ni ndogo, sikuwahi kujua.

"Ilikuwa mia, Mheshimiwa, na mimi nikasema tisini na tisa. Fundi akafunga koki. Wanawake wakapepea. Ulipowasha mshumaa ilikuwa sifuri."

Kalamu kumi na tisa zikaandika. Ndivyo walivyofundishwa, wanaandika kwanza. Kisha nikaona moja moja zinasimama.

"Sifuri?" Waziri akacheka. "Unatania."

"Sifuri. Mnaambiwa mia ni salama kwa sababu kuna mtu alidanganya kwamba ni tisini na tisa, ikakadiriwa mia. Nilidanganya mimi. Ingekuwa mia kweli, wapishi wangu wote wangekufa, na mke wangu ndiye angetangulia."

"Askari!" akaita Waziri.

Lakini kwenye mstari wa tatu akasimama bwana mmoja mwembamba, mtangaza wa mkoa wa Mlandege. Alikuwa amekauka usoni. "Asubuhi ya leo yangu ilikuwa themanini na nane," akasema, wala hakuwa anamwambia mtu. "Nimemwachia mke wangu aitazame kwa siri. Wamewapeleka watoto wa shule kuipigia makofi." Akaacha kalamu, akaacha koti, akapita juu ya miguu ya watu mpaka mlangoni. Tukamsikia koridoni anapiga kelele kwenye simu, "Watoe watoto! Wapeleke juu, mlimani! Asiwashe mtu kitu chochote, unanisikia? Na hilo jiwe, lisukumeni!"

Akasimama wa pili. Akasimama wa sita. Halafu viti vikaanza kuanguka, wakatoka mbio wote, bila mstari, bila kuomba ruhusa, wengine wakipitia dirishani, na askari aliyeitwa kuja kunikamata akatoka nao kwa sababu kwao ni Mlandege.

Waziri Mtutuma alibaki ameketi katikati ya viti vitupu. Aligeuka kulia, akageuka kushoto, akanitazama mimi kwa mazoea.

"Mtangaza," akauliza, "wametoka asilimia ngapi?"

"Mia, Mheshimiwa."